Kioo cha Upande wa Dereva

Jumapili, 3 Machi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja. Leo naliharibu kwa hasira zangu, maana nikimweleza jirani ataniambia pole, na pole haizuii mvua.

Upepo wa jana umeangusha tawi juu ya gari la Mama. Bodi haikuumia, chuma cha zamani kile. Kilichovunjika ni kioo cha mbele, upande wa abiria. Gari lenyewe lina vioo viwili mbele, bapa kama meza, na katikati yake kuna kipande chembamba cha chuma. Cha dereva kimepona. Cha abiria kimebaki meno meno kwenye mpira, na asubuhi nimekuta kiti kimelowa chapachapa.

Asiyetujua ataniuliza, gari lisilotembea linataka kioo cha nini? Ni kweli, injini ilikufa zamani. Lakini Mama alisambaza mikate kwa gari hilo maisha yake yote ya kazi, na kiwanda kilipofungwa wakampa gari badala ya kumuaga kwa hotuba. Sasa akili inamtoroka kidogo kidogo. Ndani ya nyumba ananiita dada, au nesi, na siku mbaya ananiita mwizi. Nikimkalisha kwenye usukani baada ya chakula cha mchana, anarudi. Mkono wa kushoto unashika usukani, kidole cha mkono wa kulia kinapita kwenye ule mkwaruzo ambao waipa iliuchora kiooni miaka ile ilipoisha mpira, na anaanza kutaja vituo vyake: hospitali, shule ya wavulana, gereji, stesheni, kwa mama mwenye mbwa, nyumbani. Akishafika nyumbani ananigeukia na kusema, "Boflo, shuka ufungue geti."

Boflo ni mimi. Nilikuwa mtoto mnene kama mkate wa boflo, na nilikulia kwenye kile kiti cha abiria katikati ya harufu ya mikate. Hakuna mwingine duniani anayeniita hivyo. Nikilisikia mara moja kwa siku naweza kushona, naweza kula, naweza hata kumvumilia mteja anayedai nimemwibia kitambaa.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeziba tundu kwa karatasi ya nailoni. Mama ameketi, ameitazama inavyopiga kelele kwa upepo, ameshuka bila kufika hata hospitali. Leo: nesi.

Jumatano, 6 Machi

Kaka amepiga simu.

"Mdogo wangu, hilo si gari tena, ni bati. Liuze kwa wanunuzi wa vyuma. Mama anahitaji daktari."

"Kwa daktari tulishaenda. Alisema tumweke karibu na vitu anavyovijua."

"Hakuna kitu kingine anachokijua?"

"Ananijua mimi, nikiwa ndani ya gari."

Akasema yuko kazini. Kaka yangu yuko kazini siku zote. Hajatia mguu hapa tangu siku Mama alipomkaribisha vizuri, akamwonyesha mita ya umeme ilipo, akamwomba asikate. Ana moyo wa jiwe, yule. Alijua pa kukimbilia, na mimi nikaachiwa kila kitu.

Leo: dada.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi wa vioo amekuja. Mtaani wanamwita Taratibu, na jina halikumkosea. Alichukua muda kuvua kofia, muda kutafuta pa kuiweka, muda kulizunguka gari. Vidole vyake vimejaa makovu membamba. Aliupapasa mpira wa kioo kama daktari anayetafuta mshipa, mimi nimesimama juani na nguo mbili za watu zinanisubiri kwenye cherehani.

"Mshukuru Mungu ni kioo bapa," akasema hatimaye. "Kingekuwa cha kupinda tungekitafuta mpaka tuzeeke. Hiki nakata mwenyewe kutoka kwenye bamba la kioo. Ila lazima kiwe cha tabaka mbili, kikivunjika kisimmwagikie mtu usoni."

"Lini?"

"Taratibu, dada yangu. Nitarudi wiki ijayo na kadibodi nichukue umbo."

Wiki ijayo! Kuchukua umbo tu! Nikamwambia umbo nitalichukua mimi. Mimi ni fundi cherehani, nakata mabega ya watu na makalio ya watu, sembuse dirisha lisilopumua. Akaniangalia. "Una hakika?" Nikamwambia nakata kila siku.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekata umbo kwenye karatasi ya kaki. Kazi safi, kona zimekaa vizuri. Nimempelekea mwenyewe. Akauliza tena kama nina hakika. Watu wengine hupenda kuuliza ili waonekane wanafikiri.

Leo: dada.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Leo: nesi. Ameniomba ruhusa ya kwenda kwao.

Jumapili, 17 Machi

Mvua. Leo: mwizi. Funguo zilikuwa mfukoni mwake.

Jumanne, 19 Machi

Nataka kuandika haya kabla sijajifunza kuyasimulia vizuri.

Taratibu alileta kioo amekifunga blanketi. Kizuri, hakina hata doa. Akakivisha mpira wa zamani wa upande ule, akapitisha kamba kwenye mfereji wa mpira, akapaka maji ya sabuni. Kazi inakwenda hivi: yeye nje anakikandamiza kioo kwa viganja, mtu wa ndani anavuta kamba polepole, na mdomo wa mpira unapanda juu ya chuma na kukishika. Wa ndani nilikuwa mimi, nimekaa kwenye kiti changu cha utotoni. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, amevaa kilemba chake cha kazini. Alijua kuna jambo.

Nikavuta. Mpira ukapanda chini, ukapanda kushoto, halafu ukagoma.

"Kinakataa," akasema Taratibu.

"Sukuma."

"Tukitoe kwanza tuangalie."

"Sukuma, baba! Mvua ile inakuja."

Akasukuma. Nikasikia mlio mdogo, kama wa mtu anayevunja kidole. Ufa ukaanzia kona ya juu ukashuka mpaka katikati, na mpira, ambao ulikuwa umekauka kama biskuti, ukachanika palepale nilipokuwa navuta.

Alikitoa, akaichukua ile karatasi yangu ya kaki, akailaza juu ya fremu. Karatasi ilipita fremu pande zote kwa nusu ya upana wa kidole.

"Hii ya pembeni ni nini?"

Nilijua palepale.

"Nafasi ya mshono," nikasema.

Niliiongeza bila kufikiri. Miaka yote sijawahi kukata kitu bila kuacha nafasi ya mshono. Mkono ulikwenda wenyewe.

Nilitaka acheke. Angecheka ningemjibu. Lakini alitikisa kichwa tu kwa huruma. "Kioo unapunguza, dada yangu, ili mpira upate pa kukaa. Nguo ukikosea unafumua. Kioo hakifumuliwi."

Mama alikuja akasimama mbele ya gari kwenye manyunyu. Akaangalia tundu. "Abiria atalowa," akasema, akarudi ndani.

Jumatano, 20 Machi

Sijashona leo. Mama: mwizi.

Ijumaa, 29 Machi

Mpira haupatikani. Taratibu anasema mpira wa gari hili ni mmoja, unazunguka vioo vyote viwili kama nambari nane iliyolala, kwa hiyo hauwezi kuungwa upande mmoja tu. Ameagiza. Nikamuuliza lini, akafungua mdomo, nikamwambia usiseme taratibu. Akaufunga. Nilikaribia kumpenda.

Jumapili, 7 Aprili

Jua! Jua la kweli, na upepo umelala. Nikaing'oa nailoni yote, nikakausha kiti kwa matambara, nikamkalisha Mama.

Nikasubiri mpaka nikakata tamaa. Kisha kidole chake kikaenda kwenye kioo chake, chini kushoto pale mkwaruzo unapoanzia. Hospitali. Kikapanda. Shule ya wavulana, gereji. Stesheni ilikuwa juu kabisa. Kikaanza kushuka, kwa mama mwenye mbwa, na hapo akacheka kwa sababu yule mbwa aliwahi kula mikate ya ofisi nzima. Mkwaruzo ulipoisha alikuwa amefika nyumbani. Akanigeukia, macho yake yamejaa mimi.

"Boflo, mbona umekonda? Shuka ufungue geti."

Nilishuka nikafungua geti. Niliegemea nguzo nikalia kidogo, kisha nikafunga geti nikarudi. Alikuwa ameshaondoka. Mwili ulikuwepo kwenye usukani, ukanisalimia kwa heshima.

Haidhuru. Tundu lenye upepo limemfikisha nyumbani, basi kioo kizima kitafanya zaidi. Nimempigia Kaka nikamwambia. Nikasikia anavuta pumzi kwa pua kama alivyokuwa akifanya akichapwa utotoni. Akauliza, "Amekuita kabisa?" Nikasema kabisa. Akasema, "Kioo kikiingia nitakuja." Huenda si jiwe. Huenda anaogopa tu kuonyeshwa mita tena.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Leo: dada.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua. Leo: nesi. Amesahau kijiko kinashikwa vipi, akakishika kwa ncha.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Mpira umefika!

Jumanne, 23 Aprili

Taratibu ametoa kioo cha dereva ili avue mpira wa zamani. Aliukata mpira kwa wembe, sentimita kwa sentimita, na mimi safari hii sikumharakisha. Kioo kikatoka kizima. Alikibeba mikononi, akakiosha, akakisimamisha ukutani. Mkwaruzo ulionekana vizuri ukiwa juani, nusu duara, mweupe.

"Hiki ni kizima," akasema. "Nakata cha abiria tu, hiki nakirudisha."

"Bamba lako linatosha viwili?"

"Linatosha."

"Basi kata viwili. Mama macho yake yamechoka, atazameje kwenye kioo kilichochubuka? Na kimoja kiking'aa, kingine kitaonekana kiraka kwenye shati jipya."

"Huu mkwaruzo hauzuii kuona."

"Fundi, nimeshakosea mara moja kwa kukadiria. Safari hii nataka kitu kizima."

Akakitazama. "Nikuwekee hiki?"

"Cha nini? Kichukue kikufae."

Akakifunga kwenye blanketi, taratibu.

Umbo amelichukua mwenyewe, kwa kadibodi. Nimemshikia kalamu.

Alhamisi, 25 Aprili

Kaka atakuja Jumapili. Nimefua kilemba cha Mama cha kazini, nimekipiga pasi. Leo hakuniita chochote.

Jumamosi, 27 Aprili

Vimeingia! Vyote viwili, bila mlio wowote. Nilivuta kamba huku nimefumba macho. Taratibu akapiga kidole kwenye kioo, akasema, "Pacha." Nikamshika mkono wake wenye makovu nikamwomba radhi kwa yote niliyomwaza. Akasema hakujua nimewaza nini, lakini amepokea.

Mvua ilinyesha mara tu alipoondoka. Nilikaa ndani ya gari peke yangu nikaisikiliza. Hakikuingia hata kitone. Sijawahi kuwa na matumaini makubwa namna hii tangu nilipoolewa, na ndoa yenyewe tunajua ilivyoishia.

Jumapili, 28 Aprili

Kaka alifika asubuhi, amenyoa, amevaa shati la kwendea mahojiano. Mama akamwita bwana, akamkaribisha kiti. Kaka akakaa. Hakukimbia. Mita yenyewe hakuonyeshwa.

Baada ya chakula tukamtoa Mama, Kaka kashika mwavuli, mimi nimeshika kiwiko. Kilemba kichwani. Akapanda mwenyewe, mguu ulijua. Nikazunguka nikakaa kiti changu. Kaka akajikunja nyuma, pale palipokuwa na trei za mikate. Mvua ilikuwa inapiga vioo vipya na sisi watatu tulikuwa wakavu. Nilimsikia Kaka anapumua.

Mkono wa kushoto ukashika usukani. Kidole cha kulia kikanyooka, kikaenda kwenye kioo, chini kushoto.

Kikateleza.

Akakirudisha. Kikateleza tena. Akapapasa huku, akapapasa kule, kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya wageni. Akafuta kioo kwa kiganja, akasogeza uso karibu, akapapasa tena. Na mimi nikaona. Nililiona kosa langu lote kwa mara moja, mkwaruzo mzima kuanzia kona ya chini kushoto mpaka nyumbani.

"Hospitali, Mama," nikasema. "Kituo cha kwanza hospitali."

"Hospitali," akasema.

"Halafu shule ya wavulana."

"Nani mgonjwa?" akauliza. Akamgeukia Kaka. "Bwana, hili gari la nani? Mwenyewe anajua tumekaa humu?"

Kaka akasema, "Ni lako, Mama."

"Langu silijui?" Akacheka kwa adabu. "Langu lina njia yake. Hebu nisaidie kushuka kabla mwenyewe hajaja."

Tulimshusha. Kaka alikaa nami sebuleni mpaka jioni. Sikumweleza. Aliponiaga alinikumbatia, akasema, "Ulifanya uwezalo." Ndilo neno baya kuliko yote niliyowahi kuambiwa, na alilisema kwa upendo.

Jumatatu, 29 Aprili

Kumepambazuka nikiwa mlangoni kwa Taratibu. Alikuwa anapiga mswaki. Nilipomwambia ninachotaka aliuweka mswaki chini, na kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshajua.

"Ulisema kinifae," akasema. "Nilikikata. Kilitoa vidirisha viwili vya choo cha mtu."

"Mkwaruzo?"

"Nilipitisha kisu pale pale katikati yake."

Akanipa kigoda. Akakaa chini kwenye sakafu, mzee mzima, mbele yangu. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi hata mtoto sina, lakini mjukuu huyu kanijia na mizigo yake kabisa. Na huyu mtu niliyemwona mvivu mwezi mzima ndiye peke yake aliyetaka kukirudisha mahali pake.

"Huwezi kunichorea mwingine?"

"Nikichora kwa kisu changu kitapasuka. Kisu kinatengeneza njia ya kuvunjikia."

Mkwaruzo ule haukuchorwa kwa kisu. Ulichorwa na waipa na vumbi.

Ijumaa, 3 Mei

Nimetoa mpira wa waipa, ukabaki mkono mtupu wa chuma. Nimemwagia kioo cha dereva mchanga uliolowa. Nimeushika ule mkono nikausukuma na kuurudisha, kutoka chini kushoto, juu, mpaka chini kulia, asubuhi nzima, bega linawaka. Kioo kililia kwa sauti mbaya sana, jirani akatoka kuniangalia, akarudi ndani bila kusema hata pole. Nikaosha, nikaangalia. Ulikuwepo. Mweupe, nusu duara, unafanana na ule kama pacha.

Nikamleta Mama. Nikamvalisha kilemba. Nikaketi kwenye kiti changu, mikono mapajani.

Aliuona mara moja. Akausogelea, akaugusa kwa ncha ya kidole, palepale panapotakiwa. Kisha akakiondoa kidole akakitazama, kimeshika vumbi la kioo.

"Nani kafanya hivi?"

Akaitazama mikono yangu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Kioo kipya cha watu!" Sauti yake ilikuwa na nguvu zote za zamani, sauti ya kugombeza wapakiaji wa mikate. "Unajua kioo kilivyo kazi kupatikana? Mama yako hakukufunza?"

"Alinifunza."

"Hakukufunza. Mimi nina binti yangu, mdogo tu, namwita Boflo. Anakaa kwenye kiti kama hicho hicho ulichokalia, kutwa nzima, na hagusi kitu cha mtu." Akalegeza kilemba, akanipa kisogo. "Boflo wangu ana adabu."

Nikamwambia samahani. Akasema nisirudie tena.

Jumapili, 5 Mei

Mvua imenyesha kutwa. Gari halivuji hata tone.